Kulala Georgia, kufanya kazi Tennessee: mpaka wa majimbo unakuhusu wapi?

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia ya Wakongo, tumekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na sasa tunaishi Clarkston, karibu na Atlanta. Mume wangu amepata kazi kwenye ghala moja mjini Chattanooga, jimbo la Tennessee. Tumepata nyumba ya kupanga Rossville, ambako bado ni Georgia lakini ni karibu sana na kazini. Sasa maneno yamekuwa mengi. Shemeji anasema mtu akifanya kazi Tennessee halipi kodi ya jimbo kabisa. Jirani anasema mpaka ule una ugomvi, Georgia inaidai ardhi ya Chattanooga, na nyumba za mpakani zinaweza kujikuta jimbo lingine. Ninachoogopa zaidi ni mume wangu kuvuka mpaka kila siku na karatasi za ukimbizi, maana kadi ya kijani bado hatujapata. Halafu binti yetu wa darasa la nane ameambiwa shuleni ataje majirani wa Georgia. Nilitafuta kwenye simu nikaletewa Urusi na Uturuki, na mjomba wake anasema Mississippi nayo ni jirani. Tufafanulie tafadhali, mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa mwezi."

Marahaba, mama. Hongereni kwa kazi, na pole kwa maneno ya watu. Umeuliza mambo manne, na nimeyasoma mara mbili ili nione lipi kati yake linaweza kuwaumiza kweli. Kuvuka mpaka hakutawaumiza. Ugomvi wa ardhi hautawaumiza. Linaloweza kuwaumiza ni lile ambalo shemeji amelisema kwa kujiamini, la kodi. Nitalifikia, ila nianze na hofu yako, kwa sababu hofu haimwachi mtu asikilize mengine.

Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na kupokelewa upande wa Kigoma, au aliyewahi kupanga foleni Kavimvira, mpakani mwa Kongo na Burundi, akisubiri muhuri, akisikia neno mpaka anaona kizuizi, askari na karatasi. Ndiyo mipaka tuliyoijua. Mpaka kati ya jimbo na jimbo Marekani hauna hata kimoja cha hivyo. Kutoka Rossville kwenda Chattanooga ni mtaa mmoja unaoendelea: nyumba, kituo cha mafuta, duka la matairi, na pengine kibao cha kukukaribisha Tennessee. Hakuna anayesimamishwa, hakuna kibali. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria ana ruhusa ya kuishi na kufanya kazi katika majimbo yote 50, na leseni ya udereva ya Georgia inatambulika Tennessee.

Jambo moja tu halina uhusiano na mpaka lakini lazima nilitaje. Sheria ya shirikisho inamtaka mgeni yeyote mwenye miaka 18 au zaidi awe na ushahidi wa usajili wake anapotembea, iwe Clarkston, iwe Chattanooga. Kwa mkimbizi ambaye hajapata kadi ya kijani, kwa kawaida ushahidi huo ni ile fomu ya kuingilia nchini, I-94. Mume wako aibebe, na nakala nzuri ibaki nyumbani.

Sasa kazi ya binti. Simu yako haikukudanganya, ila ilikupeleka mbali. Kuna nchi inayoitwa Georgia, mji wake mkuu Tbilisi, na hiyo ndiyo inayopakana na Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan. Ukitafuta tena, andika "jimbo la Georgia" au ongeza jina la Atlanta.

Georgia mnayoishi ina majirani watano, na bahari. Kusini ni Florida. Magharibi ni Alabama. Kaskazini ni Tennessee, na pembeni yake North Carolina. Mashariki ni South Carolina, na kuanzia Savannah kushuka kusini ni Bahari ya Atlantiki, pwani ya kama kilomita 160 yenye visiwa vingi. Hayo yanamtosha kupata alama. Lakini akiwa ni mtoto anayependa kujua, mpe ramani kubwa na penseli, afuate mstari kwa mkono, kwa sababu kila upande umetengenezwa kwa namna yake.

Upande wa South Carolina ni mto Savannah. Mkataba wa Beaufort wa mwaka 1787 uliipa Georgia visiwa vyote vya mto huo. Kwa hiyo pasipo na kisiwa mpaka uko katikati ya mto, na penye kisiwa unasogea upande wa South Carolina, upite kati ya kisiwa na ng'ambo yake. Upande wa Alabama, sehemu ya kusini inafuata mto Chattahoochee, lakini si katikati yake. Georgia ilipoachia ardhi ya magharibi iliubakiza mto wote mpaka ukingo wa pili, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha hilo katikati ya karne ya 19. Mtu akisimama ukingoni upande wa Alabama, maji yaliyo mbele ya miguu yake ni ya Georgia. Panda kaskazini ukifika karibu na mji wa West Point mto unaachwa, na mpaka unakuwa mstari mnyoofu kama uliopigwa rula hadi pembe ya kaskazini-magharibi.

Kusini ndiko kunakonivutia zaidi. Kutoka pale Chattahoochee inapokutana na mto Flint, mstari unakwenda mashariki hadi chanzo cha mto St. Marys, ndani ya kinamasi cha Okefenokee. Mto huo una tabia ya ajabu: unashuka kusini, unageuka mashariki, unapanda tena kaskazini, ndipo unakwenda baharini. Kwa kuwa mpaka unaufuata mto, Georgia imepata kama kisigino kinachoning'inia ndani ya Florida. Binti akikitafuta kijiji cha St. George kwenye ramani atashangaa: kutoka hapo ukienda kusini unaingia Florida, ukienda mashariki unaingia Florida, na magharibi pia.

Mjomba naye asidharauliwe, kwa sababu anachosema kilikuwa kweli zamani. Hati ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1732 iliianzisha Georgia kati ya mito Savannah na Altamaha, na kuielekeza magharibi bila kikomo, hadi bahari ya upande wa pili ambayo waandishi wake hawakuwa wameiona. Hata baada ya uhuru wa Marekani, Georgia iliendelea kudai ardhi yote hadi mto Mississippi. Mwaka 1802 iliiachia serikali ya shirikisho sehemu ile ya magharibi kwa dola 1,250,000, na humo ndimo yalimotoka majimbo ya Alabama na Mississippi. Tangu hapo Alabama imekaa katikati, na Mississippi si jirani tena.

Mapatano hayo ya 1802 yalikuwa na kipengele kimoja ambacho nataka mkijue kabla hamjahamia Rossville. Serikali ya shirikisho iliahidi kuwaondolea Wagiorgia umiliki wa wenyeji wa asili ndani ya jimbo, yaani Wamuskogi na Wacherokee, ambao ardhi ilikuwa yao muda wote huku wafalme na mabunge wakiichora kwa kalamu. Mwaka 1832 Georgia iliikata ardhi ya Wacherokee vipande na kuigawa kwa raia wake weupe kwa bahati nasibu, wenyewe wakiwa bado wanaishi humo. Mwaka 1838 walikusanywa na askari na kuswagwa magharibi, maelfu wakafa. Rossville imepewa jina la John Ross, chifu mkuu wa Wacherokee wakati huo, na nyumba ya magogo aliyowahi kuishi bado imesimama pale mjini. Chattanooga yenyewe ilianza kama gati lake, Ross's Landing, na ni mojawapo ya mahali Wacherokee walipopandishwa mashua kupelekwa uhamishoni. Mpelekeni binti aione nyumba ile. Familia iliyowahi kufukuzwa kwao itaielewa haraka kuliko wageni wengi wanaopita hapo.

Turudi kwa jirani yako. Ugomvi anaousema upo, hakuutunga. Tennessee ilipoingia katika muungano mwaka 1796, mpaka wake wa kusini uliandikwa kuwa latitudo ya 35 kaskazini. Kuandika ni rahisi. Kuupata mstari huo msituni ni kazi nyingine, kwa sababu latitudo haionekani ardhini. Mpimaji anainua kifaa, anapima jua au nyota imesimama juu kiasi gani, kisha anaingia kwenye majedwali ya hesabu kutafuta yuko wapi duniani. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na nyuzi moja ina dakika 60. Kwa hiyo ukikosea dakika moja tu, kosa ambalo jicho halilioni kwenye kifaa, mstari wako umehama karibu kilomita mbili.

Ndicho kilichotokea mwaka 1818. Georgia ilimtuma mwanahisabati James Camak, Tennessee ikamtuma James Gaines, na kazi ikaanza na vifaa na majedwali ambayo hayakutosha kwa kazi hiyo. Mahali pa kuanzia waliweka jiwe, na maelezo yake yaliandikwa kwa uangalifu mkubwa: maili moja na fito 28 kutoka ukingo wa kusini wa mto Tennessee, kusini mwa mji wa Wacherokee wa Nickajack. Fito moja ni kama mita tano, kwa hiyo fito 28 ni mita 140 hivi. Waliipima fito kwa fito ile ardhi, lakini latitudo yenyewe ilikuwa imewaponyoka. Mstari wao ulipita karibu maili moja kusini ya pale sheria ilipotaka, na kote ulikopita Georgia ikapoteza ukanda mwembamba. Ukanda huo unagusa mto Tennessee pale Nickajack, na una sehemu ya Chattanooga ndani yake.

Kwa nini watu wanaukumbuka leo? Maji. Jiji la Atlanta ni kubwa na mito yake ni midogo. Ukame mkali ulipopiga mwaka 2007, Bunge la Georgia likaamka, na mwaka 2008 likapitisha azimio la kutaka mpaka urekebishwe, ili jimbo lipate mguu kwenye mto Tennessee. Meya wa Chattanooga wakati huo alijibu kwa kupeleka lori la maji ya chupa Atlanta. Mwaka 2013 Bunge la Georgia lilirudi tena, safari hii likisema litaridhika na kipande kidogo tu cha kufikia maji. Upande wa kusini nako Florida iliishtaki Georgia kwa kutumia maji mengi ya Flint na Chattahoochee, ikisema chaza wa ghuba ya Apalachicola wanakufa, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba Florida haikuthibitisha madai yake. Magazeti yanapopiga kelele kuhusu mpaka wa Georgia, ukichimba chini utakuta bomba la maji.

Je, nyumba yenu inaweza kuhama jimbo? Kwanza angalia mwelekeo wa dai. Georgia inadai ardhi iliyo kaskazini ya mstari wa sasa. Rossville iko kusini ya mstari huo, na hakuna anayedai iwe Tennessee. Kwa hiyo hata dai lingefanikiwa, nyumba yenu ingebaki palepale, Georgia.

Pili, dai lenyewe ni dhaifu, na Georgia inajua kwa nini, maana sheria hiyo ilishawahi kuipiga. Ugomvi wa mpaka kati ya majimbo huamuliwa na Mahakama ya Juu, isipokuwa majimbo yapatane yenyewe na Bunge la shirikisho liridhie. Mahakama hiyo ina msimamo wa muda mrefu: jimbo likiacha jirani yake atawale mahali kwa miaka mingi, akusanye kodi na kuendesha serikali pale, haliwezi kuja baadaye kusema mstari ulikosewa. Mwaka 1990, katika kesi ya visiwa vya Barnwell kwenye mto Savannah, Georgia ilivipoteza kwa South Carolina kwa hoja hiyohiyo, ingawa mkataba wa 1787 ulikuwa umeipa visiwa. Kule ni visiwa. Huku ni mitaa ya jiji, watu waliozaliwa wakawa Watennessee, karne mbili sasa. Sioni mahakama ikiwahamisha. Usikatae nyumba kwa sababu hiyo.

Sasa lile la kodi. Shemeji ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo ya hatari. Ni kweli Tennessee haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Lakini Georgia inamtoza mkazi wake kwa mapato yake yote, popote alipoyapatia. Kinachoangaliwa ni mahali mnapolala, mnapopokea barua, watoto wanaposoma. Mkipanga Rossville, nyinyi ni wakazi wa Georgia, na mshahara wote wa Chattanooga unatozwa kodi na Georgia.

Ona jinsi mtu anavyonaswa. Mwajiri wa Tennessee asiye na shughuli Georgia huenda asikate kodi ya Georgia kwenye mshahara, kwa sababu halazimiki. Mume wako ataangalia hati ya malipo kila wiki mbili, aone hela imekuja nono kuliko alivyozoea, na ninyi mtaitumia, kama ambavyo mtu yeyote mwenye watoto angefanya. Mwaka ukiisha, wakati wa kujaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, deni la miezi 12 linadondoka kwa siku moja, pamoja na adhabu ya kutolipa mapema. Si kwamba mmeiba. Ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Dawa yake ni ndogo. Siku ya kwanza kazini, mume wako aulize ofisi ya mishahara: "Mnakata kodi ya Georgia?" Wakisema ndiyo, ajaze fomu ya Georgia, G-4, yaishe. Wakisema hapana, kuna njia ya kuilipa Idara ya Mapato ya Georgia mapema, kila robo mwaka, kwa makadirio. Asiyeweza hesabu za robo mwaka atenge kiasi kila siku ya mshahara, kwenye akaunti ambayo hamuigusi.

Utaniuliza basi si bora tuvuke tukapange Chattanooga kwenyewe? Ni swali halali. Ukiishi Tennessee na kufanya kazi Tennessee, kweli hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara. Lakini jimbo lazima lipate hela mahali, na Tennessee inaipata dukani. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7, Georgia ni asilimia 4, na kila upande serikali za chini zinaongeza zake. Kwenye chakula cha kupika nyumbani Tennessee inatoza asilimia 4, wakati Georgia haitozi kodi ya jimbo, inabaki ile ya kaunti. Familia kubwa yenye mshahara mdogo inakula sehemu kubwa ya mshahara wake, kwa hiyo faida si kubwa kama shemeji anavyodhani. Chukueni risiti zenu za mwezi mmoja mzipigie hesabu kwa pande zote mbili, pamoja na tofauti ya pango la nyumba. Dakika 20 zinatosha.

Kuna na la huduma. Mkitoka Clarkston kwenda Rossville mnahama kaunti, kutoka DeKalb kwenda Walker, lakini jimbo ni lilelile. Msaada wa chakula na bima ya afya ya watoto, kama mnavyo, faili linabaki la Georgia. Mnatoa taarifa ya anwani mpya na mapato mapya. Mkihamia Chattanooga, faili la Georgia linafungwa na mnaomba upya Tennessee, kwa masharti ya Tennessee, na katikati kunaweza kuwa na wiki za pengo. Leseni na namba za gari navyo vinabadilishwa ndani ya siku 30. Na binti aliye katikati ya somo la historia ya Georgia ataanza mtaala mwingine. Kwa familia yenye mtoto anayetumia dawa kila siku, pengo la bima peke yake lingetosha kunifanya nibaki Georgia. Kama wote ni wazima na nyumba ya Chattanooga ni nafuu, uzito unaweza kuegemea huko. Kwa mliyonieleza, ningechukua Rossville, mwaka wa kwanza.

Dogo moja la saa. Georgia yote na Chattanooga zinatumia saa ileile. Lakini Alabama iko nyuma kwa saa nzima, na vilevile kaunti ya Marion, iliyo magharibi tu ya Chattanooga. Maghala yana tabia ya kuhamisha watu. Siku wakimwambia mume wako aripoti Jasper, mji wa kaunti hiyo ya Marion, saa kumi na mbili asubuhi, aulize ni saa ya wapi.

Mambo mawili msiyamalize kwa kusoma majibu yangu. La kwanza ni uhamiaji. Mgeni anayehama nyumba, hata ndani ya jimbo moja, anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu ya AR-11, bila malipo. Kama maombi ya kadi ya kijani yako njiani, barua ya kuitwa ikienda anwani ya zamani mtaikosa. Kabla ya kuhama, mwoneni wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, kupitia shirika lililowapokea. Wengi hutoza kidogo au hawatozi. Msimpe kazi hiyo mtu anayejaza fomu dukani, hata kama anazungumza Kiswahili kizuri. Mkiulizwa na afisa yeyote jambo msilolielewa, ombeni mkalimani kabla ya kutia sahihi.

La pili ni kodi. Mwanzoni mwa kila mwaka kuna vituo vya bure vinavyofadhiliwa na mamlaka ya kodi ya shirikisho, vinavyowajazia ritani watu wa kipato cha chini. Nendeni mapema, mkiwa na W-2 ya Tennessee, yaani hati ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, mkononi, na mseme waziwazi tangu kiti cha kwanza: tunaishi Georgia, tunafanya kazi Tennessee.

Kuhusu mwenye nyumba, kabla ya kusaini mwombeni namba ya kiwanja, mpige simu ofisi ya kodi za ardhi ya kaunti ya Walker muulize kama nyumba iko kwenye daftari lao. Kama imo, iko Georgia. Mitaa ile imeshikana sana na ya Tennessee, na tangazo linaweza kuandika Rossville wakati mlango uko ng'ambo ya mstari.